Msafara Ukigeuka Goweko

Ukisimama stesheni ya Goweko, Reli ya Kati inakupa pande mbili tu: magharibi ni Igalula hadi Tabora, mashariki ni Nyahua hadi Itigi. Ni mahali pazuri mno pa kufundishia namba hasi. Weka sifuri hapo stesheni. Kwenda Tabora ni chanya, kwenda Itigi ni hasi.

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo ya nchi hii ilipita mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakifuatana mmoja mmoja kwenye njia nyembamba, kirangozi mbele. Sasa waambie wote wageuke, kila mtu palepale alipo. Hakuna aliyesogea hata hatua, mizigo ni ileile, lakini kirangozi amekuwa wa mwisho na wa mkiani ndiye anayeongoza.

Ukizidisha kwa namba hasi, msafara umegeuka. 2 ni ndogo kuliko 5, lakini −2 ni kubwa kuliko −5. Chora mstari vumbini kwa kijiti, weka punje ya mahindi penye 2 na nyingine penye 5, kisha zihamishie ng'ambo ya sifuri kwa umbali uleule. Punje iliyotangulia kuelekea Tabora sasa imebaki nyuma. Aliyeliona hilo kwa macho yake hahitaji kukariri "ukizidisha kwa hasi, geuza alama". Inaniuma kwamba wengi wetu tulipewa kanuni hiyo kama amri tu.

Alama zenyewe, < na >, zilichapwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kifo chake. Kuzisoma ni rahisi. Ugumu huja pale usipojua herufi iliyo mbele yako ni chanya au hasi.

Chukua 6/x < 2. Mkono unawasha kuzidisha pande zote kwa x: 6 < 2x, yaani x > 3. Haya, jaribu −1. 6 kugawanya kwa −1 ni −6, nayo ni ndogo kuliko 2. Jibu halali, na tumelitupa! Tumeutupa upande wote wa Itigi, kwa sababu tulizidisha kwa x kana kwamba tunajua inaelekea wapi.

Basi tushike kila upande peke yake. x ikiwa chanya, ni lazima ipite 3. Ikiwa hasi, alama inageuka: 6 > 2x, yaani x < 3, na namba hasi zote ziko chini ya 3, kwa hiyo zote zinaingia. Sifuri haimo, maana hakuna kugawanya kwa sifuri.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuzidisha kwa x mara x. Hasi mara hasi ni msafara uliogeuka mara mbili: unaelekea ulikokuwa ukienda. Brahmagupta wa Uhindi aliliandika jambo hilo mwaka 628 kwa lugha ya sokoni, deni mara deni ni mali. Hivyo x² ni chanya hata kama x hatuijui, na alama inabaki ilivyo: 6x < 2x², ndiyo kusema x(x − 3) > 0. Vipande viwili vikizidishana vikatoa chanya, vyote ni chanya au vyote ni hasi: x > 3, au x < 0.

Kati ya stesheni na 3 hakuna jibu. 6 kwa 2 ni 3. 6 kwa nusu ni 12. Kadiri unavyoikaribia sifuri kutoka upande wa Tabora, hesabu inapanda bila kikomo. Vuka kidogo tu kuelekea Itigi, mpaka −0.01, nayo imeshuka hadi −600.