Chekechea ya Serikali: Mtoto Anaingia Shule na Nini?

Wazazi wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, hawana haja ya kulipa ada ya chekechea. Tangu 1998 jimbo hilo hugharamia mwaka mmoja wa masomo kwa kila mtoto wa miaka 4 ambaye wazazi wake wanataka asome, wawe na uwezo au wasiwe nao. Mwaka unaofuata mtoto huingia darasa la awali la shule ya msingi, na hapo ndipo watafiti humsubiri: je, aliyepitia chekechea yuko tayari zaidi ya asiyepitia?

Jibu si jepesi. Mzazi anayekimbilia kumwandikisha mtoto huenda ndiye yuleyule anayemsomea hadithi kila usiku. Ukiwalinganisha watoto hivi hivi, utakuwa umewapima wazazi. William Gormley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Georgetown walikwepa mtego huo kwa kutumia tarehe ya kuzaliwa. Ili aandikishwe, mtoto wa Oklahoma anatakiwa awe ametimiza miaka 4 kufikia Septemba 1. Aliyezaliwa mwishoni mwa Agosti anaingia. Aliyezaliwa siku chache baadaye anangoja mwaka mzima. Agosti 2003 waliwapima wote: mmoja kamaliza chekechea, mwenzake ndiyo kwanza anaianza. Umri wao karibu sawa, na wazazi wa pande zote mbili wamechagua chekechea ileile. Waliomaliza walikuwa mbele kwa miezi 9 hivi katika kutambua herufi na maneno, 7 katika tahajia na 5 katika hesabu.

Lakini kujua herufi ni sehemu tu ya utayari. Mwalimu wa darasa la awali atakuambia kinachomchosha ni mtoto asiyeweza kusubiri zamu yake wala kushika maagizo mawili kwa pamoja. Uwezo huo hutegemea sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hukua kwa kasi kati ya miaka 3 na 5 ingawa haikomai hadi ujanani. Kuna kipimo chake kinachofanana na mchezo: mpimaji akigonga meza kwa penseli mara moja, mtoto agonge mara mbili, akigonga mara mbili, mtoto agonge mara moja. Mkono unatamani kuiga, na akili inapaswa kuuzuia. Huko Boston, watafiti Christina Weiland na Hirokazu Yoshikawa waliwapima hivyo watoto zaidi ya 2,000, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba chekechea ya shule za umma iliinua kujizuia kwao, pamoja na msamiati na hesabu.

Hadi hapo habari ni njema. Tatizo ni Tennessee.

Katika jimbo hilo chekechea ya umma ililenga familia za kipato cha chini, na pale waombaji walipozidi nafasi, nafasi ziligawanywa kwa bahati nasibu. Hakuna njia safi zaidi ya kulinganisha. Watafiti Mark Lipsey, Dale Farran na Kelley Durkin waliwafuatilia watoto 2,990. Waliopata nafasi walimaliza chekechea wakiwa mbele. Mwisho wa darasa la awali, wenzao walikuwa wamewafikia. Walipofika darasa la sita, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2022, waliopata nafasi walikuwa nyuma katika mitihani na walikuwa na makosa mengi zaidi ya nidhamu.

Kufikiwa na wenzao kunaelezeka. Tafiti za Marekani zinaonyesha kuwa walimu wa darasa la awali hutumia muda mwingi kufundisha kuhesabu na maumbo ambayo watoto wengi wameshayajua, kwa hiyo aliyetangulia hana pa kwenda. Kuachwa nyuma ndiko kunakoumiza kichwa. Farran, aliyekaa sana ndani ya madarasa ya chekechea ya Tennessee, ananyooshea kidole muda unaopotea kwenye foleni na watoto kuketishwa kumsikiliza mwalimu kwa muda mrefu. Mimi naona hoja yake ina uzito: Oklahoma na Tennessee zote zilifungua milango ya chekechea, lakini yaliyomo ndani si lazima yafanane.

Kisha Boston ikaja na fumbo la tatu. Wanauchumi Guthrie Gray-Lobe, Parag Pathak na Christopher Walters walichukua watoto zaidi ya 4,000 walioomba chekechea za umma za jiji hilo kati ya 1997 na 2003, ambako nafasi pia ziligawanywa kwa bahati nasibu. Katika mitihani ya shule hawakuona tofauti ya maana. Ila waliopata nafasi walisimamishwa shule mara chache zaidi, na waliojiunga na chuo mara tu baada ya sekondari walifika asilimia 54, dhidi ya 46 kwa waliokosa. Wavulana ndio walionufaika zaidi. Kama watafiti wangeishia kwenye alama za mitihani, chekechea hizo zingeandikwa kuwa hazikufaa kitu.

Kwa msomaji wa Tanzania, ambako sera ya elimu ya 2014 iliweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, kuna jambo la kuangalia kabla ya kushangilia Tulsa. Darasa la chekechea la Oklahoma halizidi watoto 20 na lina watu wazima wawili, mwalimu akiwa na shahada na mshahara sawa na wa walimu wengine wa umma. Kiwango rasmi cha Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi ya umma hukizidi kwa mbali.