Miguu au Mikono? Ubishi wa Washabiki wa Oakland

Ndugu msomaji, ubishi ninaotaka kukueleza ulianza Jumamosi ya tarehe 25 Aprili 2009, na kwa habari ninazopata haujaisha mpaka leo. Habari hizo naletewa na shemeji yangu, ambaye ni dereva wa basi katika mji wa Oakland, California, nchini Marekani. Shemeji ni mwanachama hai wa chama cha madereva, tena ni mshabiki wa Raiders, timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kuvaa helmeti. Siku ile, anasema, karakana ya mabasi iligawanyika pande mbili kana kwamba imeitishwa kura ya mgomo, na chanzo kilikuwa kijana mmoja mwenye mbio.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi wetu hatuujui mchezo huo. Kuna mrushaji, anayesimama nyuma na kurusha mpira mbali. Kuna mdakaji, anayechomoka mbele huku beki akimwandama ubavuni, kisha anageuka na kuudaka mpira ukiwa bado hewani. Akifika nao nyuma ya mstari wa mwisho, timu inapata pointi 6. Basi mdakaji anahitaji miguu ya kumwacha beki na mikono ya kushika. Wenye vyote viwili ni wachache, na hapo ndipo matajiri wa timu hulazimika kuchagua.

Namna wanavyochagua ni ya ajabu kwetu. Kila mwaka timu zote 32 za ligi ile, inayoitwa NFL, hukaa pamoja na kugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo huanza kuchagua, kisha inayofuata, na kadhalika, kwa raundi 7. Kijana hachagui mwajiri. Akitajwa na timu fulani, ni huko au akae nyumbani. Kabla ya siku hiyo vijana hupelekwa mji wa Indianapolis wakapimwa urefu, uzito, upana wa viganja, na mbio za yadi 40, yaani karibu mita 37. Nilipoelezwa haya nilikumbuka ujana wangu, tulipokuwa tukipangwa mstari asubuhi getini kwenye ghala moja, na nyapara akapita akitutazama mabega. Aliyemnyooshea kidole aliingia. Hakuuliza hata siku moja nani anajua kupanga magunia yasianguke.

Mwaka ule Raiders walikuwa na zamu ya 7, kwa sababu msimu uliopita walishinda mechi 5 na kupoteza 11. Kila mtu, kuanzia waandishi wa magazeti hadi wafagiaji wa karakana, alimjua kijana ambaye angetajwa: Michael Crabtree, wa chuo cha Texas Tech. Huyu alikuwa ametwaa mara mbili mfululizo, 2007 na 2008, tuzo ya mdakaji bora wa vyuo vyote. Ila alikuwa na ufa katika mfupa wa mguu, hivyo kule Indianapolis hakukimbia.

Aliyekimbia ni Darrius Heyward-Bey, wa chuo cha Maryland. Alimaliza yadi 40 kwa sekunde 4.30, na hakuna aliyemshinda mwaka huo. Lakini mipira aliyodaka chuoni ilikuwa michache ukilinganisha na ya Crabtree, na wengi walikadiria atatajwa mwishoni mwa raundi ya kwanza au baadaye. Zamu ya 7 ilipofika jina lililosomwa New York lilikuwa lake. Crabtree alichukuliwa zamu ya 10 na San Francisco 49ers, majirani wa ng'ambo ya ghuba, unaowafikia kwa kuvuka daraja.

Ndipo karakana ikawaka moto.

Upande wa mikono ulikuwa na hoja nzito. Ile tuzo aliyotwaa Crabtree mara mbili inaitwa kwa jina la Fred Biletnikoff, na Biletnikoff alikuwa mdakaji wa Raiders hawa hawa. Hakuwa na mbio za kutisha. Alichokuwa nacho ni hesabu ya hatua zake na mikono isiyoachia kitu, pamoja na gundi aliyokuwa akijipaka, jambo ambalo ligi ililipiga marufuku mwaka 1981. Januari 1977, Raiders walipotwaa ubingwa kwa kuwafunga Minnesota, yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa siku hiyo. Iweje basi timu ya Biletnikoff imwache kijana mwenye tuzo ya Biletnikoff na kuchukua saa ya kupimia mbio?

Upande wa miguu nao haukuwa mtupu, na shemeji alikuwa huko. Wao walimtaja Cliff Branch. Huyu alikuwa mkimbiaji hasa, wa mbio za mita 100, na Raiders walimchukua mwaka 1972 katika raundi ya 4. Miaka yake miwili ya kwanza mipira ilimponyoka mpaka washabiki wakachoka. Mwaka wa tatu, 1974, alidaka mipira 60 na kufunga mara 13, kuliko mdakaji yeyote wa ligi nzima. Alitwaa ubingwa mara tatu. Hoja yao ilikuwa kwamba kudaka kunafundishika, lakini hakuna mwalimu awezaye kumpa mtu sekunde 4.30.

Nikamwambia shemeji kwa simu: lakini Branch na Biletnikoff walicheza pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule! Mabeki wakimkimbilia wa mbio, wa mikono anabaki peke yake. Akacheka, akasema hilo ndilo ambalo hakuna mtu karakanani alitaka kulisikia.

Aliyekata shauri, hata hivyo, hakuwa karakanani. Alikuwa Al Davis, tajiri wa timu, mzee aliyependa mbio kuliko kitu chochote na aliyeamini kwamba mpira ni wa kurushwa mbali. Mwaka 1993 alimchukua James Jett, kijana aliyekuwa ametoka Olimpiki ya Barcelona na medali ya dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti. Kwa Davis, kumchagua Heyward-Bey hakukuwa jambo la kushangaza hata kidogo. Ni vile alivyofanya maisha yake yote, na vikombe vitatu kabatini vilikuwa ushahidi wake. Lakini vikombe hivyo vilikuwa vya zamani. Kuanzia 2003 timu yake haikuwa na msimu hata mmoja iliyopoteza chini ya mechi 11.

Heyward-Bey alipewa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 38.25, ambazo milioni 23.5 kati yake zilikuwa za uhakika. Crabtree alikataa kusaini. Alisema thamani yake ni kubwa kuliko zamu ya 10, na akakaa nje mpaka tarehe 7 Oktoba, ligi ikiwa imeanza. Mgomo wa mtu mmoja huo, na mimi sipendi migomo ya mtu mmoja, kwa kuwa mara nyingi huishia vibaya. Wake uliishia kwa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 32.

Msimu wa 2009 kila mmoja alicheza mechi 11, Crabtree kwa kuchelewa, Heyward-Bey kwa kuumia mguu. Crabtree alidaka mipira 48. Heyward-Bey alidaka 9.

Tisa, ndugu msomaji. Uwanja ulimzomea. Shemeji aliacha kuvaa fulana yake kazini kwa wiki kadhaa, maana wa upande wa mikono walikuwa wakimtupia chupa tupu za maji kila apitapo, wakimwambia adake. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wazomeaji hawakulihesabu. Mrushaji wa Raiders mwaka ule, JaMarcus Russell, chini ya nusu ya mipira aliyorusha ndiyo iliyomfikia mtu. Fundi akipewa mashine mbovu, usipime kazi yake kwa vipande alivyotoa.

Na hapa nitasema langu. Katika ubishi wote huo, mtu aliyetukanwa zaidi ni yule ambaye hakuamua lolote. Heyward-Bey hakujiweka zamu ya 7. Hakumwambia Davis amwache Crabtree. Aliambiwa kimbia, akakimbia vizuri kuliko wenzake, akaajiriwa kwa sababu hiyo, kisha akazomewa kwa bei iliyopangwa na mnunuzi. Angetajwa zamu ya 30, mipira 9 ingeitwa mwanzo mgumu wa kijana majeruhi.

Mtu atauliza, je, chama cha wachezaji kinasemaje kuhusu utaratibu huu wa kugawana watu? Una historia ndefu. Ulianza mwaka 1936, na kijana wa kwanza kabisa kutajwa, Jay Berwanger, hawakuelewana naye mshahara, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya mpira wa kutengenezea vitu, wala hakuwahi kucheza katika ligi hiyo. Mwaka 1976 mahakama ya Washington iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na mchezaji James Smith, kwamba utaratibu ule kama ulivyokuwa ulivunja sheria ya ushindani. Matajiri walikuwa wameshikwa pabaya. Lakini mwaka uliofuata chama chenyewe kilikubali kuuweka katika mkataba wa pamoja, kwa kubadilishana na mambo mengine. Siwalaumu sana. Aliyewahi kukaa meza ya mapatano anajua kwamba hutoki na vyote, na kila ukitoka kuna mwanachama atakayekuuliza kwa nini uliacha hiki.

Ninalolaumu ni la mwaka 2011. Matajiri walifunga milango tangu Machi mpaka Julai, na mapatano yalipofikiwa mishahara ya wageni ilikatwa vibaya. Aliyetajwa wa kwanza mwaka 2010 alipata dola milioni 50 za uhakika. Aliyetajwa wa kwanza 2011 alipata milioni 22 kwa miaka 4. Waliokatwa walikuwa bado wanafunzi, hawana kadi ya chama, hawana kura. Ni rahisi sana kumkata asiyekuwepo chumbani.

Nirudi kwa kijana wetu. Davis alikufa tarehe 8 Oktoba 2011. Kesho yake timu ilicheza ugenini Houston na kushinda 25 kwa 20, na mmoja wa waliofunga ni Heyward-Bey. Msimu huo, wa tatu kwake, alidaka mipira 64 na kupata yadi 975. Mwaka wa tatu, kama Branch! Shemeji alinipigia simu usiku wa manane akipiga kelele, akisahau kwamba kwetu watu wamelala. Mzee aliyemwamini hakuishi kuona msimu ule ukimalizika.

Kisha ikaja tarehe 23 Septemba 2012. Raiders walikuwa nyumbani, wakicheza na Pittsburgh Steelers. Heyward-Bey aliruka kudaka mpira karibu na goli, na beki mmoja akamgonga kichwani kwa helmeti. Alianguka amepoteza fahamu, akatolewa kwa machela na kupelekwa hospitali. Mwamuzi alipaswa kutupa kitambaa cha njano. Hakuna kitambaa kilichotupwa.

Sababu yake wanachama wenzangu mtaielewa upesi. Waamuzi wa kweli walikuwa nje. Ligi ilikuwa imewafungia kazi tangu Juni, kwa mvutano wa malipo na hasa wa pensheni yao, ikaleta watu wa badala waliotoka kuchezesha ligi ndogo. Baadaye ligi yenyewe ilimtoza yule beki faini ya dola 21,000, maana yake ilikiri kwamba kosa lilikuwepo. Siku moja baada ya mechi hiyo waamuzi hao wa badala waliharibu tena mechi ya Seattle, nchi nzima ikapiga kelele, na tarehe 26 mapatano yakafikiwa. Waamuzi wa kweli waliporudi, huko Baltimore, uwanja ulisimama kuwapigia makofi. Ni mara chache mwamuzi kupigiwa makofi mahali popote duniani.

Machi 2013 Raiders walimwacha Heyward-Bey. Alipitia Indianapolis, kisha akapata kazi kwa Steelers, timu ya yule beki aliyempeleka hospitali, na huko alikaa tangu 2014 hadi 2018. Kazi yake kubwa ilikuwa kukimbia mbio ndefu kumkaba mpokeaji wa timu nyingine, kazi ya jasho isiyo na sifa. Alimaliza misimu 10 katika ligi ambayo, kwa hesabu za chama cha wachezaji, mtu wa kawaida hudumu kama mitatu tu.

Na Crabtree? Mwaka 2015 alivuka daraja na kusaini Raiders. Alidaka mipira 85 msimu huo, na upande wa mikono ukanunua fulana mpya.

Mwaka 2020 timu yenyewe iliondoka Oakland, ikahamia Las Vegas penye uwanja mpya. Washabiki hawakuulizwa. Shemeji bado anapita na basi karibu na uwanja wa zamani, na abiria mmoja mzee, kuli mstaafu wa bandarini, hupanda kituo cha hapo akiwa na kofia nyeusi na fedha. Akikaa tu hunyoosha mikono yake miwili mbele ili dereva aione kwenye kioo. Shemeji humjibu kwa kukanyaga mafuta.