Projekta Imefika Shuleni: Je, Mwalimu Amefundishwa Nini?

Mzazi wa zama zetu akiambiwa kwamba shule ya mwanawe ina tarakilishi na projekta, moyo wake hutulia. Huona mtoto yumo katika elimu ya kisasa, na karo anayoitafuta kwa jasho haiendi bure. Furaha hiyo ni ya haki. Hata hivyo, twapenda kuwauliza wasomaji wetu, na hasa akina mama ambao ndio hukagua madaftari jioni, swali moja: mwalimu aliyekabidhiwa chombo hicho amefundishwa nini?

Mfano wetu twautoa mbali na bahari, huko Embulbul, mtaa ulio kando ya barabara ya Ngong katika Kaunti ya Kajiado, ukishapita Karen na kabla hujafika mji wa Ngong. Wenyeji wengine huuita Bulbul, na zipo huko familia za Kiislamu zinazoishi na majirani wa kila asili. Tumeichagua Kajiado kwa kuwa ilitangulia sehemu nyingi za Kenya katika jambo tunalolizungumzia, yaani kumfundisha mwalimu ambaye tayari yumo kazini.

Mwaka 1998 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na shirika la Japani la JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Wilaya tisa zilichaguliwa kuanza, na Kajiado ilikuwa mojawapo. Makao ya mradi yalikuwa katika Chuo cha Walimu wa Sayansi, kwenye barabara hiyo hiyo ya Ngong. Kazi hiyo leo iko mikononi mwa kituo cha CEMASTEA, kilicho Karen, jirani na Embulbul.

Mradi ule haukuanza kwa kugawa mashine. Ulianza kwa kutazama darasa, ukamkuta mwalimu akisema na kuandika ubaoni, nao wanafunzi wakinakili kimya. Basi walimu wakafunzwa mambo manne: kumpa mwanafunzi kazi ya kufanya, kumweka yeye katikati ya somo, kutumia majaribio, na kubuni vifaa kutokana na vitu vilivyo karibu. Wakapewa na hatua nne za kufuata kila siku: panga, tenda, tazama, boresha. Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa ngeni kwa wengi. Mwalimu hukubali mwenzake aketi nyuma ya darasa na kumtazama akifundisha, kisha wakakaa pamoja kusema lipi limefaulu na lipi limepotea njiani.

Baadaye vyombo vikaja. Ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013, na mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kufika katika shule za msingi za umma. Kila shule ilipangiwa kupata, pamoja na vishikwambi vya watoto, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta moja na seva ya kuhifadhia masomo. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawanywa nchini. Walimu nao walifunzwa, ila mafunzo ya wengi yalikuwa ya siku chache, na katika shule nyingi vifaa viliishia kufungiwa makabatini, kwa hofu ya wezi, kwa kukosa umeme, au kwa kuwa mwalimu hakujua aanzie wapi.

Hapa yafaa tukumbuke asili ya programu inayofunzwa zaidi, PowerPoint. Ilitoka mwaka 1987, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin wa kampuni ya Forethought huko Marekani, na mwaka huo huo ikanunuliwa na Microsoft. Haikuundwa kwa ajili ya darasa la watoto. Iliundwa kwa ajili ya mikutano ya watu wa ofisi na biashara, ambako mmoja husimama akieleza na wengine huketi wakisikiliza. Mwalimu akifundishwa vitufe peke yake, namna ya kufungua ukurasa, kubadili rangi na kurusha maneno kutoka pembeni, mafunzo hayo yatamrudisha kwenye mazoea yale yale ambayo walimu wa Kajiado walifunzwa kuyaacha. Atasoma slaidi badala ya ubao, na watoto watanakili kimya.

Mafunzo yaliyo bora humfundisha mwalimu kwanza kuchagua. Tuchukue somo la nguvu za upepo. Mtoto wa Embulbul haihitaji slaidi ya mtambo wa upepo, kwani vilima vya Ngong viko jirani na mitambo imesimama juu yake. Anachohitaji ni kutolewa nje atazame, kisha atengeneze kititia cha karatasi na kijiti aone kinavyozunguka. Lakini somo likiwa ni matumbawe, na mtoto huyo hajapata kuiona bahari, picha moja kubwa na angavu ukutani itamfikisha mahali ambapo maneno ya mwalimu hayamfikishi. Mtoto wa Lamu mambo kwake ni kinyume: matumbawe ayaone maji yakitoka, na mitambo ya Ngong aione kwenye skrini.

Funzo la pili ni kupunguza. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kwa picha na maneno. Ameonyesha kwamba mtu huelewa zaidi anapotazama picha huku akisikia maelezo, kuliko anapotazama picha, akasikia maelezo, na papo hapo akasoma maneno hayo hayo yameandikwa. Kwa hiyo slaidi moja na ibebe jambo moja, herufi ziwe kubwa za kusomeka na mtoto wa safu ya nyuma, na baada ya picha mwalimu aulize swali na kungoja jibu.

Funzo la tatu ni kujiandaa kwa siku ambayo umeme utakatika. Mwalimu aliyepanga somo lake vizuri atachukua chaki na kuendelea. Sisi watu wa Pwani twalijua hilo, maana wazee wetu chuoni walisoma kwa ubao wa mti ulioandikwa kwa wino na kuoshwa, na wakatoka wanazuoni.

Lipo pia suala la haki. Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipozindua mafunzo ya lazima ya kuendeleza walimu, walimu walitakiwa walipe wenyewe, shilingi 6,000 kwa mwaka, na wengi wakalalamika. Walimu wengi wa watoto wetu ni wanawake, na mafunzo yakiwekwa likizoni au jioni, mwalimu huyo huacha watoto wake nyumbani na kulipa nauli kutoka mfukoni. Kamati ya shule au ya madrasa iliyopata fedha za projekta na itenge fungu la mafunzo, iweke saa zinazomfaa mama, na impatie nafasi ya kuangalia watoto wake wadogo. Programu nayo si lazima inunuliwe, kwani LibreOffice ina sehemu ya kutengenezea slaidi, nayo ni ya bure.

Wazazi, mkihudhuria mkutano wa shule, ulizeni maswali matatu. Walimu wamefunzwa kwa siku ngapi, na je, kuna mtu aliyerudi darasani kuwatazama? Chombo kilitumika mara ngapi muhula uliopita? Na watoto walifanya nini wenyewe baada ya kutazama picha? Kisha jioni, mwulizeni mtoto akueleze alichokiona ukutani. Akiweza kukueleza kwa maneno yake mwenyewe, mshukuruni mwalimu wake, maana kazi hiyo ni yake. Asipoweza, basi fedha zilizobaki zipelekwe kwenye mafunzo kabla ya kununuliwa projekta ya pili.