Mama Sarah wa Kogelo: Nyanya aliyelisha yatima kabla ya dunia kumjua

Alfajiri ya tarehe 29 Machi 2021, Mama Sarah Obama aliaga dunia katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Alikuwa na umri wa miaka 99. Kesho yake alizikwa Kogelo, Kaunti ya Siaya, kwa taratibu za Kiislamu. Ulikuwa wakati wa corona, na siku chache kabla Nairobi na kaunti nne zilikuwa zimefungiwa usafiri. Magazeti ya ng'ambo yaliandika kwamba nyanyake Barack Obama amefariki. Ni kweli, lakini hiyo ni sehemu ndogo tu ya habari yake.

Ukitaka kumwelewa Mama Sarah, anza na jambo ambalo wengi hulipita haraka: Barack Obama hakuwa mjukuu wake wa damu. Sarah Ogwel, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa mke wa tatu wa Hussein Onyango Obama, mzee aliyezunguka dunia akiwatumikia Waingereza kama mpishi. Baba yake Barack alizaliwa na mke wa pili, Akumu, ambaye baadaye aliondoka kwenye ndoa hiyo. Kijana akabaki mikononi mwa mama wa kambo. Tunajua ngano zetu zinavyomsawiri mama wa kambo: mkali, mchoyo, anayemtuma mtoto wa mwenzake kisimani huku watoto wake wakila. Sarah alimpandisha mtoto huyo kwenye baiskeli.

Kutoka Kogelo hadi Ngiya ni kama kilomita tisa. Mwenyewe alisimulia kwamba ndiye aliyekuwa akiendesha baiskeli, mtoto amekaa nyuma, ili afike shuleni. Pima jambo hilo kwa miaka ile ya ukoloni: mwanamke kijana wa kijijini, kazi za shamba na za nyumba zinamngoja, anakanyaga pedali kwenye njia ya vumbi kwa ajili ya mtoto ambaye hakumzaa, ampeleke mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kupelekwa. Mtoto huyo aliendelea hadi shule ya Maseno, na mwaka 1959 akaenda kusoma Hawaii. Yaliyofuata dunia nzima inayajua. Ila mimi naona safari ya baiskeli ni kubwa kuliko ya ndege, kwa kuwa ya ndege ilikuwa na wafadhili wake, na ile ya Ngiya ilikuwa na miguu ya mama mmoja.

Mama Sarah hakujua kusoma. Mwaka 2014 aliwaeleza waandishi wa habari kwamba hata alipokuwa mtu mzima barua zilimfikia na hakuweza kuzisoma. Fikiria adha hiyo katika nyumba ambayo mwana yuko ng'ambo, na habari zake zote zinakuja kwa karatasi. Barua ya siri unaipeleka kwa mtu akusomee, na siri inaishia hapo. Kwa hiyo aliapa kwamba watoto wa nyumba yake hawatakuwa hivyo, akahakikisha wote wamekwenda shule. Kwake elimu ilikuwa njia ya mtu kujitegemea, hasa mtoto wa kike, na alilisema hilo mara nyingi hadi uzeeni. Wapo wanaopenda elimu kwa sababu iliwafaidi. Yeye aliipenda kwa sababu ilimkosa, na nadhani ndiyo maana hakuchoka.

Mume wake alifariki miaka ya 1970. Mwaka 1982 baba yake Barack naye akafa katika ajali ya gari Nairobi. Makaburi ya wote wawili yako katika boma la Kogelo. Mjane wa kijijini aliyezika mume na mwana angeweza kujikunyata na watu wake waliobaki, na hakuna ambaye angemlaumu. Kwa Mama Sarah, boma lilizidi kujaa. Kwa miongo mingi aliwachukua watoto waliofiwa na wazazi, wengine wakilala, wakila na kukua nyumbani kwake.

Hapa ni lazima tukumbuke Nyanza ya miaka hiyo ilikuwa imepatwa na nini, maana kizazi kipya kinasikia tu kwa mbali. Ukimwi ulipiga eneo la Ziwa Victoria kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, wakati vijiji vya Siaya, Kisumu na Homa Bay vilikuwa tayari vimezika watu wa umri wa kuzaa na kufanya kazi. Dawa za kupunguza makali zilikuwepo, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Hata baada ya dawa kuenea na vifo kupungua, utafiti wa serikali wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 15.3 miongoni mwa watu wazima wa Siaya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.9. Wakulima, wavuvi, walimu na akina mama vijana waliondoka. Vijijini wakabaki wazee na watoto, na anayesimama kati ya mtoto na njaa akawa nyanya.

Mama Sarah alikuwa mmoja wa manyanya hao. Alipika uji na kukaanga mandazi, akavipakia kwenye baiskeli na kuwapelekea watoto wa shule. Sina la kuongeza ili lionekane kubwa zaidi. Mwalimu yeyote wa darasa la chini atakueleza kazi ya uji wa asubuhi: mtoto aliyelala bila kula husinzia kabla ya mapumziko, wiki inayofuata haji, na muhula ukiisha jina lake limekatwa kwenye rejista. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, watoto walimiminika madarasani, lakini sare, daftari, kalamu na tumbo vilibaki kwa mlezi. Mtoto yatima alikwama hapo hapo. Mama Sarah aliliona pengo hilo kwa macho, kwa kuwa watoto wenyewe walikuwa wakipita mbele ya nyumba yake.

Baadaye shughuli hiyo ilipata jina na ofisi, ikawa wakfu wake wa kusaidia yatima kwa chakula, karo, sare, vifaa vya shule na matibabu ya kawaida. Lakini wakfu ulifuata kazi. Kazi haikungoja wakfu. Siku hizi mtu huanza na nembo, akaunti na fulana, kisha ndipo atafute wa kumsaidia. Mama huyu alianza na sufuria.

Umaarufu ulimkuta akiwa bibi kizee. Mjukuu alikuwa amemtembelea akiwa kijana miaka ya 1980, akarudi mwaka 2006 akiwa seneta, na alipochaguliwa rais wa Marekani Novemba 2008 Kenya ilitangaza tarehe 6 kuwa siku ya mapumziko. Umeme ukafika Kogelo. Wageni wakaja kwa mabasi, wanahabari kwa magari makubwa, na askari wakawekwa kulinda lango. Mama Sarah, aliyekuwa amekaribia miaka 90, aliwapokea barazani na chini ya miti ya boma lake kama anavyopokea jirani. Januari 2009 alikwenda Washington kushuhudia mjukuu akiapishwa.

Mwanamke huyu angeweza kabisa kupumzika. Alikuwa na umri wa kupumzika na jina la kupumzikia. Alichofanya ni kuligeuza jina hilo kuwa karo ya watoto. Kila mgeni aliyefika kumwona nyanya wa rais aliondoka amesikia habari za yatima. Novemba 2014, akiwa na miaka 92, alisafiri hadi New York, akatunukiwa katika Umoja wa Mataifa kwa mchango wake katika elimu, siku ya kuwaenzi wanawake wajasiriamali. Aliitumia fursa hiyo kuwaombea watoto wa Kogelo. Alipofariki, Rais Uhuru Kenyatta alimtaja kuwa mfadhili aliyegawana kidogo alichokuwa nacho na wasiojiweza, na Gavana wa Kisumu, Anyang' Nyong'o, akakumbusha jinsi alivyochangisha karo za yatima. Ukoo wake haukuiacha kazi hiyo: mjukuu wake Auma Obama alianzisha shirika la Sauti Kuu, na Julai 2018 kituo chake cha michezo na mafunzo kwa vijana kilizinduliwa papo hapo Kogelo, Barack Obama akiwepo.

Pamoja na sifa hizo zote, kuna jambo linalonisumbua kila ninapoyasoma maisha yake. Mama Sarah alipata heshima za mwisho kutoka kwa marais. Maelfu ya manyanya waliofanya kazi ile ile, katika miaka ile ile, hawakupata hata barua ya chifu. Kenya ilianza majaribio ya kuwalipa walezi wa yatima pesa kidogo mwaka 2004, na kiwango kikakaa kwa miaka shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba nzima, iwe na mtoto mmoja au watano. Wahudumu wa afya wa kujitolea, ambao wengi wao ni akina mama wa vijijini waliokuwa wakitembea nyumba kwa nyumba kuwapelekea wagonjwa dawa na kupima watoto, walifanya hivyo kwa miaka mingi karibu bure. Ni Septemba 2023 tu ndipo serikali ya kitaifa ilipozindua mpango wa kuwalipa wahudumu 100,000 posho kwa ushirikiano na kaunti.

Tunasifu kujitolea, na ni haki tukisifu. Lakini tusitumie sifa hizo kumwachia mzee mzigo ambao ni wa kila mmoja wetu. Mwanamke wa miaka 70 hapaswi kuwa ndiye bima ya afya, ndiye bwalo la shule na ndiye mfuko wa karo wa kijiji kizima.

Wewe msomaji unayetaka kumkumbuka Mama Sarah, huna haja ya kufunga safari hadi Kogelo. Nenda shule ya msingi iliyo karibu na kwako, umuulize mwalimu mkuu ni mtoto gani analelewa na nyanya yake na ana upungufu gani muhula huu. Ukishajibiwa, lipa unachoweza. Kisha pita kwa huyo nyanya, umsalimie, na umwulize yeye mwenyewe amekula nini.