Magari Yanapoongezeka, Majirani Hupungua

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Donald Appleyard, msomi wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichagua mitaa mitatu ya San Francisco. Tofauti yake kubwa ilikuwa magari: wa kwanza ulipitiwa na takriban 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000.

Aliwauliza wakazi wana marafiki wangapi mtaani. Kwenye mtaa mtulivu, wastani ulikuwa marafiki 3 kwa kila mtu, na watu 6 wa kufahamiana. Kwenye mtaa wa magari mengi hata rafiki mmoja hakutimia: 0.9.

Kinachonigusa zaidi ni ramani. Walipoombwa kuchora eneo wanaloliona kuwa ni kwao, wakazi wa mtaa mtulivu walizungushia mtaa mzima, ng'ambo ya barabara ikiwemo. Wa mtaa wa tatu waliishia kwenye jengo lao, wengine mlangoni pao.

Kelele na moshi huwasukuma watu vyumba vya nyuma. Watoto hukatazwa kutoka, na mara nyingi watoto ndio wanaowakutanisha wazazi wasiojuana. Ni kweli, mtaa wa tatu ulikuwa na wapangaji wengi wa kuhamahama, hivyo magari peke yake hayabebi lawama yote. Lakini ni familia gani yenye mtoto mdogo ingetaka kubaki pale?

Afya nayo huumia. Mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walichambua tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000: wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wenzao kwa asilimia 50. Upweke wa muda mrefu huambatana na sonona na usingizi mbovu. Salamu ya asubuhi haiponyi sonona, ila anayesalimiwa kila siku huulizwa hali mapema asipoonekana.

Wajenzi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja waliijengea salamu hiyo mahali pake: baraza ya mawe iliyoshikamana na ukuta wa mbele, kwenye vichochoro visivyopitika kwa gari. Hapo hunywewa kahawa, huchezwa bao, na mgeni hupokelewa. Leo mitaa yetu mingi mipya imejaa kuta ndefu na mageti. Natamani kila mchoro wa barabara unaofikishwa halmashauri uonyeshe, pamoja na idadi ya magari, bibi mwenye mkongojo atavukia wapi na ataketi wapi.