Nani mkali wa baiskeli Kigoma–Ujiji? Saa ndiyo itasema

KAMA wewe ni mtu wa Mwisho wa Reli na hujawahi kusikia ubishi wa nani mkali wa baiskeli, basi ama umehamia jana ama masikio yako yana nta. Kila kijiwe kina bingwa wake. Mwanga wana wao, Bangwe wana wao, na watoto wa Ujiji ndiyo usiseme, wale wanaamini baiskeli iligunduliwa kwao, pale chini ya mwembe wa Livingstone.

Tatizo ni kwamba ubingwa wote huo ni wa mdomo. Hakuna karatasi, hakuna saa, hakuna shahidi. Na vijana wakichoka kubishana wanafanya nini? Wanawekeana dau, wanajipanga barabarani, wanafyatuka wawili wawili mpaka watatu kwenye mteremko, huku Hiace zinapita na bodaboda wanachomekea. Mwaka juzi nilimwona mmoja kwa macho yangu akiivaa meza ya mama muuza nyanya. Mfupa wa mtulinga ukaachia, nyanya zikatapakaa lami nzima, na yule mama wa watu hakulipwa hata senti. Dau lenyewe? Elfu tano.

Sasa msomaji wangu, kabla hatujamzika mtu kwa elfu tano, mimi naleta dawa. Dawa yenyewe ni mbio za kushindana na saa.

Mtu mmoja, barabara yake

Utaratibu wake hauna longolongo. Waendeshaji hawaondoki pamoja. Anaondoka mmoja, dakika ikipita anaondoka wa pili, dakika ikipita wa tatu. Kila mtu yuko peke yake na pedeli zake. Huruhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako akukatie upepo. Ukimkuta mtu unampita na kwenda zako. Mwisho wa siku mwenye muda mfupi ndiye mkali, hata kama aliondoka wa mwisho na kufika wa mwisho.

Hii si kitu kipya. Mwaka 1895 kule Uingereza mashindano ya baiskeli barabarani yalikuwa balaa. Farasi walikuwa wanashtuka, polisi wanakuja juu, mpaka chama chenyewe cha baiskeli kikayapiga vita. Ndipo bwana mmoja, Frederick Thomas Bidlake, akaja na akili ya kuwatoa watu mmoja mmoja, ili anayepita aonekane ni mtu wa kawaida tu anayekwenda zake. Zile mbio za kwanza zilikuwa za maili 50. Kwa maana hiyo, mchezo huu ulizaliwa kwa sababu ile ile inayotusumbua sisi: barabara ni moja, na watumiaji ni wengi.

Na usidhani kukimbizana na saa ni kitu kilichopooza. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Zilibaki kilometa 24.5 tu, kutoka Versailles mpaka Paris, kila mtu na saa yake. LeMond alizila zile sekunde 50 zote na kubakiza chenji ya sekunde 8. Baada ya zaidi ya kilometa 3,000, ubingwa ukaamuliwa na sekunde nane! Noma.

Siku gani, saa ngapi

Haya, tuje kwetu. Kwanza siku. Hapa usikurupuke kwa kuangalia kalenda ya ukutani peke yake; angalia na mwezi wa juu. Masela wengi wenye mapafu na mapaja ya kazi ni wavuvi wa Kibirizi na Katonga. Wiki ya giza wako ziwani usiku kucha na taa zao wakivua dagaa, asubuhi wanarudi hoi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki vizuri, watu wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Weka mbio zako wiki hiyo. La sivyo utakuwa umewanyima nafasi nusu ya wakali wa mji halafu unajitangazia ubingwa.

Mwezi wa Ramadhani tuuache upite. Jumapili asubuhi barabara imejaa watu wanaokwenda kanisani. Mimi naona Jumamosi ndiyo mahali pake.

Saa nayo ina hesabu yake. Jua la Kigoma linachomoza kama dakika arobaini baada ya la Dar, hivyo ratiba za kuiga za Dar zitakutoa gizani. Anza saa moja na nusu asubuhi. Ukiwa na waendeshaji thelathini, dakika moja moja, wa mwisho anaondoka saa mbili kamili, na saa tatu kasorobo umeshawarudishia wenyewe barabara yao. Jua halijawa kali na soko halijachangamka.

Umbali: tuache kukisia

Muulize mtu kutoka Kigoma mpaka Ujiji ni kilometa ngapi. Wa kwanza atakwambia nane, wa pili kumi, wa tatu atakuuliza unapita wapi. Kwa stori za kijiweni inatosha, kwa mbio haitoshi. Simu za siku hizi zinapima, ila simu mbili zinaweza kukupa majibu mawili. Mita za pikipiki ndiyo kabisa.

Njia ya fundi baiskeli ni hii. Chukua Phoenix ya inchi 28, jaza upepo vizuri, mpandishe mtu juu, kwa sababu tairi lenye uzito linabonyea. Weka alama ya chokaa kwenye tairi, sukuma mpaka alama iguse chini mara ya pili, pima kwa futi kamba. Utapata kama mita mbili na sentimeta ishirini. Funga kitambaa chekundu kwenye spoki, halafu sukuma huku mnahesabu. Kilometa moja ni mizunguko kama 455. Inachosha, lakini mkimaliza hakuna mtu wa kuwaambia kitu.

Kuna wanaotaka watu waondoke stesheni na kumalizia Ujiji. Kwa picha ni bomba, lakini kwa haki si sawa sana. Kutoka stesheni mpaka Mwanga ni kupanda, na Ujiji unateremka kuelekea ziwani. Dawa ni kwenda na kurudi: ulichoteremka utakipanda, na upepo uliokusukuma utakusukuma kifuani. Zaidi ya hayo, watu wa saa wanakaa sehemu moja tu.

Na pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone mimi nasema tusigeukie. Najua kila mtu anapapenda. Ni pale Stanley alipomkuta mzee wake mwaka 1871, baada ya kutembea miezi kutoka Bagamoyo. Lakini njia ya kuteremkia kule ina watoto, kuku na kona. Mgeukio uwe mahali papana, panapoonekana kwa mbali, na mtu mwenye kibendera akiandika namba ya kila anayegeuka. Wasanii wa kukata njia hawakosekani.

Daftari ndilo refa

Mimi na washkaji tisa tulifanya jaribio, kilometa tano tu, saa mbili za sekunde na daftari la shule. Tulivyofanya ni hivi. Saa zote mbili zinawashwa pamoja na hazizimwi mpaka mtu wa mwisho arudi. Namba moja anaondoka dakika ya kwanza, namba mbili ya pili, na kuendelea. Akifika, mmoja anasoma saa kwa sauti, mwingine anaandika, na mwenye saa ya pili anaandika pembeni bila kuchungulia. Kisha unatoa namba yake.

Namba nne alifika saa ikisoma dakika 15 na sekunde 42. Toa nne, unabaki na 11 na sekunde 42. Namba sita alifika kwenye 17 na sekunde 45. Toa sita, ni 11 na sekunde 45. Sekunde tatu! Kwa macho hakuna ambaye angejua, maana walifika kwa kupishana zaidi ya dakika mbili. Ubishi ulianza, mkwara ukapigwa, lakini daftari mbili zilikuwa zinasema kitu kimoja. Wakapeana mikono. Hakuna aliyeumia, na hakuna meza ya mtu iliyogongwa.

Jambo moja la mwanzo: mahali pa kuondokea pawe weupe. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa baiskeli na David Kinjah pale Kikuyu, alikwenda kuiwakilisha Kenya kwenye mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, Austria, mwaka 2006. Mara tu baada ya kuondoka kwenye mbio za saa, akamvaa msimamizi na wote wakaenda chini. Huyo huyo baadaye akachukua Tour de France mara nne. Kama kule kwa wakubwa msimamizi anaweza kusimama njiani, vipi kwetu ambako kila shabiki anataka kupiga picha na simu?

Chuma cha gia na chuma cha mawese

Usimweke mtu wa baiskeli ya gia kundi moja na jamaa wa Phoenix ambaye jana alibeba madumu ya mawese kwenye keria. Hapo umeshamwonea mmoja. Makundi yawe mawili: za gia na zisizo na gia. Fundi akague breki, cheni na usukani kabla ya mtu kupewa namba. Asiye na breki arudi nyumbani, hata kama ni rafiki yako. Hapo ndipo mwandaaji anapopimwa.

Na kina dada? Nimeshasikia maneno, eti baiskeli si ya mtoto wa kike, eti atavaa nini mbele ya wazee wa Ujiji. Sikiliza dada yangu. Wale Waingereza wa Bidlake walivaa nguo nyeusi kutoka shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, ili wasivute macho ya watu. Kwa hiyo suruali ndefu, mikono mirefu na mtandio uliofungwa vizuri usiingie kwenye spoki si ushamba, ndiyo asili ya mchezo wenyewe. Tena uzuri wa mbio za saa ni kwamba hakuna kusukumana. Ni wewe na barabara. Zawadi ya mshindi wa kike iwe sawa na ya kiume, tumalize.

Kibali na hela

Usiende barabarani bila karatasi. Andika barua kwa polisi wa usalama barabarani na kwa ofisi ya michezo ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Taja njia, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, na nani anasimama wapi. Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, kipo, wajulishwe mapema. Gari au bajaji moja ikae tayari, na dereva ajue njia ya kwenda Hospitali ya Maweni akiwa amefumba macho. Bodaboda waambiwe siku mbili kabla, kijiwe kwa kijiwe. Ukiwaheshimu watakuwa walinzi wako. Ukiwadharau watakuwa wapinzani.

Hela ndiyo inayoua michezo mitaani kuliko pancha. Kiingilio kiwe kidogo, waandike watu wawili, na matumizi yasomwe hadharani siku hiyo hiyo kabla watu hawajatawanyika. Zawadi isiwe bahasha. Tairi mbili, tyubu, dumu la mawese, mfuko wa sukari: vitu vinavyoonekana. Na dau marufuku, maana ndilo lililotufikisha kwenye zile nyanya.

Kigali si mbali

Septemba 2025 jirani zetu wa Rwanda waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli pale Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za saa za wanaume Mbelgiji Remco Evenepoel alimkuta na kumpita Tadej Pogačar njiani, ilhali Pogačar aliondoka dakika mbili na nusu kabla yake! Kwa kina dada alishinda Mswisi Marlen Reusser, ambaye kwa kusomea ni daktari. Milima yao na yetu ni ndugu.

Sisemi mshindi wa Ujiji ataondoka moja kwa moja mpaka Ulaya. Tusidanganyane. Ninachosema ni kwamba kijana mwenye muda ulioandikwa, kilometa zilizopimwa na tarehe, ana kitu cha kumwonyesha kocha wa Mwanza au wa Arusha. Mwenye ubingwa wa mdomo hana hata pa kuanzia. Na mama wa nyanya anauza nyanya zake kwa amani.

Kwa hiyo masela wa Mwanga, Gungu, Bangwe na Ujiji, mbalamwezi inakuja. Tunahitaji saa za sekunde, vibendera, na watu wanane wasioweza kuhongwa soda. Hao wanane ndio kazi kubwa kuwapata. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na ukipita Mwanga jioni, breki zishike!