Waswahili ni 56,074 tu? Sensa haikuuliza lugha

Juzi barazani, baada ya Alasiri, mzee mmoja alitoa simu akatuonyesha jedwali. Kidole chake kilikuwa juu ya nambari moja: Waswahili, 56,074. "Haya someni wenyewe," akasema. "Nchi nzima hatufiki hata elfu sitini. Halafu mnashangaa kwa nini hatusikilizwi."

Nambari ile ni ya kweli. Imetoka katika ripoti ya sensa ya 2019 ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, sensa iliyohesabu watu 47,564,296. Lakini mzee wetu, kama wengi wanaosambaza jedwali hilo, ameisoma nambari hiyo kana kwamba inajibu swali ambalo halikuulizwa.

Nakumbuka siku karani wa sensa alipofika kwetu na kishkwambi chake. Aliuliza nani walilala nyumbani usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Mama ndiye aliyekuwa akijibu kwa niaba ya nyumba nzima. Usiku ule dada yangu alikuwa kwetu na mumewe, shemeji yetu Mkamba, pamoja na watoto wao wawili. Karani alipofika kwenye kabila, mama akasema: sisi Waswahili, shemeji na watoto Wakamba. Ikaandikwa hivyo, na hakuna aliyedanganya. Lakini wapwa zangu wale hawajui Kikamba zaidi ya salamu. Wanalia kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili, wanaota kwa Kiswahili. Katika hesabu ya taifa hilo halimo mahali popote, kwa sababu sensa yetu huuliza kabila na dini, lakini haiulizi mtu anazungumza lugha gani nyumbani.

Zidisha nyumba yetu kwa mitaa ya Mombasa, mji uliohesabiwa watu 1,208,333. Kuna Wadigo, Wagiriama, Wataita, Waluo na Wahindi ambao watoto wao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Kila mmoja ameandikwa kwa kabila la babake, na ni haki yake. Ila usichukue safu ya makabila ukaiita safu ya lugha.

Jambo la pili ni lile jina lenyewe, Mswahili. Sensa ya 2009 ilitoa Waswahili 110,614. Miaka kumi baadaye nchi imeongezeka watu karibu milioni tisa, na Waswahili wamepungua kwa nusu! Hapakuwa na tauni wala watu kuhama. Kilichobadilika ni namna orodha ilivyopangwa. Mwaka 2009 chini ya kichwa cha Waswahili walikusanywa Wabajuni, Waamu, Wapate, Wasiu, Wavumba, Wajomvu, Wachangamwe, Wakilindini na wengineo. Mwaka 2019 Wabajuni walipewa mstari wao, na kichwa kile kikapungua mara moja. Isitoshe, watu wetu wenyewe hujibu kila mtu alivyolelewa. Marehemu bibi yangu ungemuuliza kabila angekwambia Mkilindini, na ukimbishia angekutajia Thelatha Taifa zote na Tisa Taifa juu yake. Neno Mswahili kwake lilikuwa jina ambalo watu wa bara walimwita. Mwingine wa ukoo huohuo atasema Mwarabu. Wote watatu wanaweza kuwa wanakula sinia moja.

Kwenye dini jedwali lina mtego wa aina nyingine. Waislamu wameandikwa mstari mmoja: 5,152,194, sawa na asilimia 10.9. Wakristo wamegawanywa mistari kadhaa, Waprotestanti asilimia 33.4, Wakatoliki 20.6, Waevanjelisti 20.4, kisha makanisa ya Kiafrika, Waothodoksi na wengine. Ukiwajumlisha wanapita asilimia 85. Kwa hiyo mtu anayelinganisha Waislamu na Wakatoliki peke yao hajalinganisha dini na dini. Na wale wanaosema Waislamu wanapungua kwa kuwa 2009 walikuwa asilimia 11.2, waangalie idadi pia: wameongezeka zaidi ya laki nane. Wala Muislamu wa Kenya si lazima awe mtu wa Pwani. Wasomali waliohesabiwa ni 2,780,502, na karibu wote ni Waislamu.

Kuna anayeuliza, ina maana gani haya yote? Kwa upande wa mgao wa fedha za kaunti, kabila na dini havina kazi. Fomula hutazama idadi ya watu pamoja na vigezo vingine kama umaskini na ukubwa wa ardhi. Anayejificha karani asimwone ndiye anayeipunguzia kaunti yake. Lakini kwenye ajira za umma kabila lina uzito. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Anayekagua ajira hulinganisha na jedwali la sensa. Hapo ndipo 56,074 inapogeuka kuwa kipimo cha haki ya mtu.

Ndiyo maana Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai watambuliwe, na Wapemba wa Kilifi wakapata kutambuliwa mwaka 2023. Kwao mstari kwenye orodha ulikuja pamoja na kitambulisho.

Jirani zetu Tanzania hawajauliza kabila wala dini tangu sensa ya 1967. Hawakukwepa ugomvi wote. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walikataa kuhesabiwa mpaka kipengele cha dini kirudishwe. Mimi sipendekezi tufute maswali yetu. Napendekeza tuongeze moja: ni lugha gani inayozungumzwa zaidi nyumbani? Afrika Kusini waliuliza katika sensa yao ya 2022, wakajua Kizulu kinaongoza kwa asilimia 24.4 ya watu. Sisi mtaala unasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na hatuna hesabu ya lugha ya eneo lolote. Anayechapisha vitabu vya gredi ya kwanza Kilifi anakisia tu kati ya Kigiriama na Kiswahili, labda kwa kutazama safu ya kabila.

Sensa hufanyika kila miaka kumi, hivyo inayofuata ni 2029, na maswali hupangwa mapema. Wabunge wetu wa Pwani wana muda wa kulipeleka hili KNBS kabla dodoso halijafungwa. Mpwa wangu mdogo, yule aliyeandikwa Mkamba akiwa na miaka minne, wakati huo atakuwa na kumi na minne. Nitamwomba mama amwachie ajibu mwenyewe.